Anki kwenye kozi ya haraka ya anatomia na fiziolojia: inafaa, ila usiitumie kama ilivyokuja

Kozi ya kawaida ya anatomia na fiziolojia huchukua wiki 15 au 16. Ile ya haraka inazibana mada hizohizo katika wiki 8 au 6, na baadhi ya vyuo huishusha hadi 4. Mifupa inabaki 206, neva za fuvu zinabaki jozi 12, na mtihani wa maabara hauondolewi kituo hata kimoja. Kinachokosekana ni nafasi ya kusahau na kujifunza upya kabla ya mtihani. Ndiyo sababu wanafunzi wengi wa kozi hizi hukimbilia Anki, programu ya kadi za kujiuliza iliyoanzishwa na Damien Elmes mwaka 2006, ambayo hukurudishia kila kadi baada ya pengo linalorefuka kadiri unavyoijibu vizuri. Kwenye kompyuta ni ya bure, kwenye Android ni ya bure (huko inaitwa AnkiDroid), na ya iPhone hulipiwa mara moja. Kuwa makini unapoipakua, kwa maana zipo programu nyingine zilizojipachika jina linalofanana na hili na hazihusiani nayo.

Kwa upande wa anatomia, yaani majina, mahali na umbo, ni vigumu kuipata programu ya kuishinda. Kwa fiziolojia inasaidia kwa kiasi tu, na anayeitegemea peke yake atashangaa kuwa anajua kila neno kwenye karatasi ya mtihani lakini swali lenyewe halijibiki. Kikwazo kingine ni mipangilio yake ya mwanzo. Imekusudiwa mtu anayetaka kukumbuka kwa miaka mingi, wakati wewe una wiki sita.

Tuanze na mipangilio, maana hapo ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Anki inakuja na kikomo cha kadi mpya 20 kwa siku na kadi za marudio 200 kwa siku. Mwanafunzi anaona ana mfumo wa mifupa wa kumaliza wiki hii, anapandisha kadi mpya hadi 60, na kikomo cha marudio hakigusi. Siku chache baadaye marudio yanafika 200. Yanayozidi hapo programu inayaficha bila kelele. Zaidi ya hapo, kikomo hicho kinazihesabu na kadi mpya, kwa hiyo nazo zinaacha kutokea. Skrini inampongeza kuwa amemaliza kazi ya siku ilhali kadi lukuki zimelala. Pandisha kikomo cha marudio hadi 9999 siku ya kwanza, halafu dhibiti mzigo kwenye kadi mpya tu.

Kadi mpya ngapi, basi? Kanuni ya makadirio ni kwamba mzigo wa marudio hutulia kwenye mara 7 hadi 10 ya kadi mpya za kila siku. Kadi 20 mpya huzaa marudio 140 hadi 200. Ukitumia sekunde 8 kwa kadi, hiyo ni chini ya nusu saa. Kadi 60 mpya huzaa 420 hadi 600, na hapo unazungumzia karibu saa nzima au zaidi, kabla hujafungua ukurasa mmoja wa somo la leo. Kati ya 20 na 30 ndiyo kiwango kinachobebeka. Kwa wiki sita, 20 kwa siku ni kadi 840, nazo zinatosha kozi nzima ukichagua vizuri cha kuandikia kadi.

Cha tatu ni pengo la juu kabisa kati ya marudio. Mwanzoni limewekwa siku 36,500, yaani miaka mia moja. Kwa hesabu ya zamani ambayo Anki huitumia kupanga marudio, kadi unayoijibu vizuri kila mara hurudi baada ya siku 1, kisha 2 au 3, kisha 6 au 7, kisha 15 au 16, kisha zaidi ya mwezi. Pengo hilo la mwisho linaivusha kadi ya wiki ya kwanza nje ya kozi, na mtihani wa mwisho unaojumuisha mada zote unakukuta hujaiona tangu wiki ya nne. Weka kikomo cha siku 14, au 10 kama kozi ni ya wiki nne. Ukitumia hesabu mpya iitwayo FSRS, iliyoingizwa rasmi mwaka 2023, kikomo hicho bado kinafanya kazi. Kiwango cha kukumbuka unachokilenga kiache kwenye 0.90, yaani kadi 9 kati ya 10. Kukivuta hadi 0.97 kunaonekana kama bidii, lakini kunaongeza marudio kwa wingi usiolingana na faida yake.

Kuna vitufe vinne vya kujibu: Tena, Ngumu, Sawa, Rahisi. Tumia viwili tu, Tena na Sawa. Kosa baya kuliko yote ni kubonyeza Ngumu wakati jibu limekutoka kabisa. Kwa Anki, Ngumu maana yake umekumbuka kwa taabu, kwa hiyo kadi inasogezwa mbele badala ya kurudishwa mwanzo. Ukifanya hivyo kwa wiki mbili, unabaki na rundo la kadi ambazo programu inaamini unazijua.

Sasa sehemu inayostahili sifa. Tangu toleo la 23.10, uwezo wa kuziba sehemu za picha umo ndani ya Anki yenyewe, na kwa anatomia huu pekee unatosha kuifanya iwe na thamani. Unaweka picha ya mifupa ya kifundo cha mkono, unachora visanduku juu ya majina nane (skafoidi, lunati, trikwetrumu, pisiformi, trapezi, trapezoidi, kapitati, hamati), na unapata kadi nane kwa dakika mbili. Chagua namna inayoziba vyote na kuuliza kimoja. Ile inayoziba kimoja na kuacha saba wazi inakupa jibu bila wewe kutambua, kwa sababu unalipata kwa kuangalia nani hayupo.

Lakini picha zina mtego wake. Baada ya kuiona picha ileile mara tano, unachokumbuka ni kwamba kisanduku cha juu kushoto ni skafoidi. Kwenye mtihani wa maabara mfupa uko mezani, umegeuzwa, una pini, na una kama dakika moja kabla ya kuhamia kituo kinachofuata. Dawa ni kupiga picha za mifano ya maabara yenu, ikiwa chuo kinaruhusu, kila kitu kwa pembe tatu tofauti, na kuziba pembe zote tatu. Ongeza na kadi za upande. Kichwa cha mfupa wa paja huelekea ndani, na linea aspera (mstari ulioinuka kwenye mfupa huo) iko nyuma. Anayevijua hivyo viwili anautaja mfupa kuwa wa kulia au wa kushoto bila kubahatisha, na alama hizo ndizo wengi huziacha mezani.

Tahajia nayo ina alama zake. Ilium ni sehemu ya mfupa wa nyonga, ileum ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na herufi moja inakunyima jibu. Imo aina ya kadi inayokutaka uandike jibu kwa vidole, kisha ikakuonyesha herufi uliyokosea. Itumie kwa majina ya aina hiyo tu. Ukiitumia kwa kila kadi, sekunde nane zinakuwa ishirini.

Kwenye fiziolojia lazima ubadilishe namna ya kuandika kadi. Kadi inayosema "Eleza mfumo wa renini na angiotensini" ni kadi mbovu, kwa sababu jibu lina hatua sita. Ukikosa moja hujui ubonyeze nini, na kadi inarudi mpaka Anki inaipa alama ya sugu, jambo linalotokea ukiisahau mara nane. Kadi sugu haihitaji kurudiwa zaidi. Ivunje.

Fanya hivi. Kwanza chora mnyororo kwenye karatasi tupu bila kuangalia. Shinikizo la damu linashuka, figo zinatoa renini, renini inaikata angiotensinojeni iliyotengenezwa na ini na kupata angiotensini I, kimeng'enya kilicho kwa wingi kwenye mapafu kinaigeuza kuwa angiotensini II, mishipa inabana na tezi za adrenali zinatoa aldosteroni, figo zinazuia sodiamu isipotee, na maji yanaifuata. Ukiweza kuuchora mara mbili bila kosa, ndipo uandike kadi, na kila kadi iulize kiungo kimoja au mvurugiko mmoja. Dawa ikikizuia kimeng'enya kile cha mapafu, renini inapanda au inashuka? Inapanda, kwa sababu breki iliyokuwa inawekwa na angiotensini II imeondoka. Na potasiamu kwenye damu? Inaelekea kupanda, kwa sababu aldosteroni imepungua. Maswali ya mtihani yako hivyo, na kadi ya tafsiri ya neno haikuandai kuyajibu.

Kwenye neva ni vivyo hivyo. Kujua kuwa seli iliyopumzika iko kwenye milivolti -70 na kizingiti cha kurusha ishara ni kama -55 ni kadi mbili rahisi. Kadi yenye kazi ni ile inayouliza: potasiamu ikiongezeka nje ya seli, namba ile ya -70 inaenda wapi? Inasogea kuelekea sifuri, kwa kuwa potasiamu haina tena msukumo uleule wa kutoka. Hesabu za moyo ziwekee namba tofauti kila kadi. Mililita 70 kwa pigo mara mapigo 75 kwa dakika ni mililita 5,250, lakini ukiuliza hizohizo kila siku utakariri 5,250 na hesabu yenyewe hutaifanya.

Mafungu ya kadi yaliyotengenezwa na wengine yanavutia, na kwa kozi ya haraka nashauri uyaache. Yana maelfu ya kadi, mpangilio wake haufuati mihadhara yenu, na yanataja misuli ambayo mhadhiri wako hataigusa. Andika zako siku ileile ya mhadhara. Ukiziacha mpaka mwisho wa wiki na mtihani ni Jumatatu, kila kadi itakuwa imeonwa mara moja au mbili tu, na hapo Anki haina cha kukusaidia.

Siku mbili kabla ya mtihani, tengeneza fungu la muda la mada husika na uzime chaguo la kupanga upya ratiba, ili marudio ya dharura yasiharibu mapengo. Kuhusu kuunganisha simu na kompyuta, huduma ya AnkiWeb ni ya bure na inafanya kazi vizuri, isipokuwa pale inapokuuliza upande upi ubaki. Ukichagua vibaya, kazi ya siku inafutika. Hifadhi nakala kwanza, ndipo ujibu.

Kama chuo chenu kimeigawa anatomia na fiziolojia kuwa kozi mbili, ya kwanza ikiisha usilifute fungu. Zima kadi mpya, pandisha pengo la juu hadi siku 180, na uendelee na marudio machache yanayokuja. Kozi ya pili mara nyingi inaanza na homoni, damu na moyo, na itakudai utando wa seli na neva kuanzia wiki ya kwanza.