Nyumba ilipanda, gari likashuka: wiki sita za kutafuta bima mpya

Kwa miaka saba nililipia bima ya nyumba na ya gari kwenye kampuni moja. Kila mwaka karatasi ya kuhuisha ilipokuja nilisaini bila kubadilisha hata tarakimu moja. Mwaka wa saba bomba likapasuka juu ya dari usiku tukiwa tumelala, na hapo ndipo nikajua nilikuwa nimenunua nini.

Mtathmini alikuja siku ya nne. Kijana mpole, ana tochi na futikamba. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akabonyeza plasta kwa gumba, kikadondoka kipande kizima miguuni pake. Hakubishana nami hata kidogo. Dari aliikubali, kabati za jikoni alizikubali, magodoro mawili, nyaya zilizoingia maji. Nikamwambia mume wangu mambo yamekwisha vizuri. Kisha yule kijana akatoka nje akaanza kuipima nyumba yenyewe, kona hadi kona, anaandika. Sikuelewa kwa nini anapima kuta ambazo hazijalowa.

Barua ilifika wiki tatu baadaye, na ndani yake mlikuwa na hesabu ya mstari mmoja: hasara iliyokubaliwa, mara kiasi tulichokatia bima, gawanya kwa gharama ya kuijenga nyumba upya. Tuseme nyumba yetu leo ingejengwa kwa mia. Sisi tulikuwa tumeikatia bima ya sitini. Basi kwa kila mia ya hasara walilipa sitini, halafu wakatoa na eksesi, yaani kile kipande ambacho mwenye mali hubeba mwenyewe. Wenyewe wanaiita kanuni ya wastani. Miaka yote nilidhani bima ya sitini maana yake ni kwamba hasara ya kumi nitalipwa kumi, kwa kuwa kumi haijafika sitini. Sivyo kabisa. Ukikata bima pungufu, unahesabiwa kuwa umejibebea sehemu iliyobaki ya kila hasara, kubwa kwa ndogo.

Kipengele hicho kilikuwamo kwenye hati, ukurasa wa 11. Sikukisoma, na hilo ni langu. Lakini ndani ya miaka saba tuliongeza vyumba viwili na kupanua jiko, vifaa vya ujenzi vikapanda mwaka hadi mwaka, na hakuna mtu wa kampuni ile aliyewahi kuniuliza swali moja: nyumba yako bado ni ileile? Hilo linaniuma hadi leo.

Nilipoishika hati ya gari usiku ule nikakuta kosa la upande wa pili. Gari nalo nilikuwa nimeliacha kwenye thamani ya mwaka tuliponunua. Bima kubwa ya kawaida, gari likiibiwa au likiharibika lisitengenezeke, hulipa bei ya gari hilo sokoni siku ya tukio, si namba uliyoandika zamani. Kwa hiyo miaka ile yote nililipa ada ya gari ambalo halipo tena. Nyumba ilikuwa imepanda nami nimeiacha chini, gari limeshuka nami nimeliacha juu.

Nikaamua kuhama, ila si kwa kukimbilia bei ndogo. Nilikaa na mume wangu tukaandika karatasi moja: ukubwa wa nyumba, paa na kuta ni za nini, mwaka wa matengenezo ya nyaya, gari na nani wanaliendesha, madai yote ya miaka mitano. Karatasi hiyo hiyo, bila kubadilisha neno, niliipeleka kwa watu wanne. Naomba anayesoma hapa alishike hili kuliko yote: ukimwambia kila mmoja habari tofauti, bei utakazoletewa hazilinganishiki.

Nilianza na kampuni yetu ya zamani, kwa sababu nilitaka wapate nafasi. Nilipotaja kwamba natafuta kwingine, ofisa alishusha ada palepale kwenye simu, tena kwa kiasi cha kutosha. Watu wengine wangefurahi. Mimi nilinyong'onyea. Kama ada hiyo iliwezekana leo, mwaka jana ilishindikana nini? Mteja mkongwe kulipishwa kuliko mgeni ni jambo linalojulikana sana kwenye biashara hii, hadi Uingereza msimamizi wa huduma za fedha, FCA, alipiga marufuku kuanzia Januari 2022: kampuni haziruhusiwi kumtoza anayehuisha bima ya nyumba au ya gari zaidi ya ambavyo zingemtoza mteja mpya. Tena ofisa yule hakugusa kabisa suala la thamani ya nyumba. Angeniuzia kwa bei nafuu zaidi sitini ileile.

Wa pili ilikuwa kampuni inayouza kwa simu na kompyuta tu. Dakika kumi na mbili, nimemaliza. Bei yao ilikuwa ndogo kuliko zote na nusura nilipe hapohapo. Nikapakua hati nzima badala ya muhtasari, nikaisoma na kalamu mkononi. Eksesi ya gari ilikuwa mara mbili ya wengine. Kioo cha mbele hakimo. Maji ya bomba yamo, lakini "kuvuja taratibu" hakumo, na hakuna mstari unaosema taratibu inaanzia wapi. Nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 mfululizo, wizi na maji vinatoka kwenye bima. Sisi kila mwisho wa mwaka tunasafiri wiki tano au sita. Niliwaandikia swali moja tu kuhusu hizo siku 30. Nilijibiwa mara tatu, na mara zote tatu ni yale maneno ya kwenye hati yamenakiliwa. Sina ugomvi nao. Kijana anayepanga chumba, mwenye gari dogo analoliendesha peke yake, huenda hapo ndipo pa kwake. Kwa nyumba yenye watu na mambo mengi, hapana.

Wa tatu alikuwa wakala, mtu wa watu kwelikweli, aliyeletwa na jirani. Huyu nataka nimweleze kwa utulivu kwa sababu naamini hakuwa na nia mbaya. Alikuja nyumbani jioni na fomu, akasema tusijisumbue, atatujazia. Gari letu hutumiwa na mdogo wangu siku za mwisho wa juma, na mara mojamoja hubeba abiria wa kulipa. Nilimweleza hivyo, na kwenye karatasi yetu tulikuwa tumeliandika. Aliporudisha fomu nisaini, penye "madereva wengine" palikuwa na mstari, na penye matumizi pameandikwa "binafsi". Nilimuuliza. Akasema, "Dada, ukiandika hayo ada itapanda bure. Haya ni mambo ya kawaida, hakuna anayefuatilia."

Anafuatilia. Yule wa futikamba anafuatilia, siku ya hasara. Kazini kwangu nashinda na mafaili ya kesi, na nimeona madai yakikataliwa kwa mstari mmoja wa aina hiyo. Sheria ya bima tangu zamani imesimama juu ya kuambiana ukweli: mwaka 1766, katika kesi ya Carter na Boehm, jaji wa Kiingereza Lord Mansfield alieleza kwamba habari za hatari iliyopo kwa kawaida ziko kwa anayekata bima, na kampuni inaamini maneno yake. Fomu anaweza kuijaza wakala, lakini saini ni yako na atakayeulizwa ni wewe. Nilimshukuru, nikamrudishia fomu. Kuna na jambo la pili: wakala yule anauza bima za kampuni moja tu. Hilo halina aibu yoyote, ila usidhani amekulinganishia soko.

Wa nne ni dalali wa bima, na ndiko tuliko sasa. Tofauti yake na wakala ni kwamba dalali anapeleka karatasi yako kwenye kampuni kadhaa na anatakiwa kusimama upande wako wewe mteja. Nilimuuliza dada aliyetupokea swali ambalo ningemshauri kila mtu aliulize: wewe unalipwa na nani? Hakuzunguka. Alisema anapata kamisheni kutoka kampuni atakayotuweka, akataja ni asilimia ngapi kwa kila moja kati ya tatu alizopendekeza, na ile aliyoisifia zaidi haikuwa yenye kamisheni kubwa.

Kisha akafanya kitu ambacho hakuna mwingine aliyekifanya: alituma mkadiriaji wa majengo akapime nyumba kabla, si baada. Namba iliyotoka ni gharama ya kubomoa, kuzoa kifusi na kujenga upya, bila ardhi, maana ardhi haiungui. Nilipoiona nilikaa kimya. Ilikuwa mbali na ile tuliyokuwa tunaiandika. Ada ya nyumba ikapanda, ndiyo. Ya gari ikashuka, kwa sababu tuliandika thamani ya leo na mimi nikaomba eksesi ya gari iongezwe. Mikwaruzo midogo tutajilipia. Ya nyumba nilikataa kuigusa. Mwisho wa hesabu tunalipa juu kidogo ya mwaka jana, na safari hii naamini nikilipwa nitalipwa mia kwa mia.

Kampuni moja ilitupa punguzo zuri kama tungechukua nyumba na gari pamoja. Tulitamani. Lakini tulipoweka hati mbili mezani, ya nyumba ilikuwa inalipa vyombo vya ndani kwa kutoa uchakavu, yaani jokofu la miaka minane unalipwa bei ya jokofu lililochoka, wakati ile ya kampuni nyingine inalipa bei ya kununua jipya la aina hiyo. Tukaziacha zitengane, punguzo tukalisamehe. Hii ya sasa inaruhusu nyumba kukaa tupu siku 60, na dalali alihakikisha sentensi hiyo imeandikwa kwenye hati yetu, si kwenye barua pepe tu.

Mdogo wangu ameandikwa jina. Kubeba abiria ameacha, kwa sababu bima ya gari la biashara ni nyingine kabisa na ada yake tusingeiweza. Alinuna siku mbili. Nyongeza iliyotokana na jina lake analipa yeye.

Kuhama kwenyewe kulikuwa na usumbufu wake. Kampuni ya zamani ilichukua siku 11 kutoa barua ya rekodi ya madai, na bila barua hiyo punguzo la kutodai kwenye gari, yaani nafuu ya ada anayopewa asiyedai malipo, halihamishiki, kwa hiyo iombeni mapema. Tena msivunje bima ya zamani kabla ya kushika hati ya mpya yenye tarehe na saa ya kuanza. Yetu mpya ilianza saa sita usiku na ya zamani ikaisha saa sita usiku ileile; niliziweka karatasi mbili pamoja nikahakikisha. Na kama unaweza lipa mwaka mzima kwa mkupuo. Tulipopewa malipo ya kila mwezi, jumla ilizidi.

Mwezi wa nne jiwe liliruka kutoka kwenye lori likapasua kioo cha mbele, ufa kutoka kona ya dereva hadi katikati. Nilimpigia yule dada asubuhi, akaniambia nipige picha nne: kioo, ufa kwa karibu, namba ya gari na kilomita. Siku ya pili kioo kilikuwa kimebadilishwa, na punguzo la kutodai halikuguswa kwa kuwa kioo kina kipengele chake. Ni tukio dogo, wala siwezi kulifanya kipimo cha moto au mafuriko, lakini simu ilipokelewa na kila walichosema ndicho kilichotokea.

Ofisi ya dalali nawapa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa mambo mawili. La kwanza, ni wazito: tangu tupeleke karatasi hadi kupata bei ni siku tisa, na jioni ofisi ikishafungwa hupati mtu, unaachiwa namba ya dharura ya kampuni ya bima ambako unaanza kujieleza upya. La pili, ukuta wa uzio. Mkadiriaji aliupima, umo kwenye ripoti yake, lakini hati ilipotoka haukuandikwa popote. Niliulizia mwezi wa pili nikaambiwa utaongezwa kwa kiambatisho. Jana nimewaandikia tena, nimeweka na ukurasa wa ripoti wenye vipimo vya ukuta.