Kuweka maandishi katikati au kulia: Markdown au AsciiDoc?

Hapa Bukavu naandikia kikundi cha mama wauza sambaza (samaki wadogo) orodha ya bei kila wiki, kwa maandishi matupu, maana faili nyepesi hufunguka hata kwenye simu ya zamani. Shida ni tarakimu: 500 na 12000 zikianzia kushoto zote, jicho hupotea.

Markdown, mtindo wa alama za kupangilia maandishi matupu aliouibuni John Gruber mwaka 2004, haina alama ya kuweka aya katikati. Inabidi uchomeke HTML, lugha ya kurasa za wavuti, na hapo wepesi umekwisha. Tena tovuti nyingine huifuta. Majedwali yaliongezwa baadaye, na huko ndiko kwenye raha: weka nukta mbili mwishoni mwa vistari vilivyo chini ya kichwa cha safu, `---:`, safu nzima inasogea kulia. Ziweke pande zote, `:---:`, inakaa katikati.

AsciiDoc, mtindo mwingine wa aina hiyo, inajitosheleza zaidi. Juu ya aya unaandika `[.text-center]`, basi. Kwenye jedwali, `[cols="<,>"]` hupeleka majina kushoto, bei kulia.

Orodha ya bei naiacha kwenye Markdown, kwani mama yeyote kikundini anaweza kuirekebisha. Barua za mwaliko, zenye kichwa katikati na tarehe kulia, naziandika kwa AsciiDoc bila kusita.