“Money for Nothing” ya Dire Straits: tafuta ile ya dakika nane

Nimeusikiliza wimbo huu wa bendi ya roki ya Uingereza kwa santuri, kwa CD na kwa simu, hapa Lubumbashi. Kwenye CD ya albamu ya Brothers in Arms (1985) una dakika 8 na sekunde 26. Kwenye santuri umekatwa ukabaki kama dakika 7, kwa sababu upande mmoja haukuwa na nafasi ya kutosha. Toleo la redio ni fupi zaidi, na mwanzo wake umeumia. Nunua CD.

Ukiupiga, usipandishe sauti mapema. Sting, mwimbaji mwalikwa, anaanza kwa sauti nyembamba inayotoka mbali, akiidai MTV yake, ile televisheni ya muziki, na kinanda kinanong'ona chini. Mtu anadhani mabafle yake, yaani spika, yamechoka, anafungua sauti mpaka mwisho. Kumbe ngoma za Terry Williams zinakuja zikivimba, na baada ya dakika moja na nusu hivi gitaa linaingia peke yake. Bafle ndogo hupasukia hapo.

Gitaa lenyewe ni raha tupu. Mark Knopfler, mwimbaji na mtunzi wa bendi, anapiga kwa vidole vitupu, gumba likiongoza. Sisi wa Katanga tuliozoea gumba na shahada za mpiga gitaa wetu Mwenda wa Bayeke tunaisikia tofauti hiyo papo hapo. Ukijaribu kwa kipande cha plastiki noti utazipata, ila ule mkato wa nyuzi mbili zinazovutwa pamoja kisha kuzimwa hautoki. Na ile sauti ya puani ilipatikana kwa bahati: maikrofoni ilikuwa imeelekea sakafuni, na fundi wa sauti Neil Dorfsman akaiacha hivyo hivyo.

Anayesema humo si Knopfler. Ni mfanyakazi wa duka la vyombo vya umeme New York. Knopfler alimsikia akilalamika, akaomba kalamu na karatasi, akaandika palepale. Mtu anabeba mafrigo, anafunga majiko ya maikrowevu, na mbele yake televisheni zinaonyesha wanamuziki wenye hereni. Kwake hiyo si kazi. Msukuma mkokoteni wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, atamwelewa bila kufafanuliwa.

Nguvu ya kejeli iko hapo: mtunzi hamsahihishi mtu wake. Ndiyo maana beti moja ina tusi dhidi ya mashoga. Mwaka 2011 baraza la watangazaji la Kanada lilisema toleo kamili halifai redioni, baadaye mwaka huohuo likaviachia vituo viamue. Tusi linauma, na anayeupiga mbele za watu ajue limo. Lakini ukilikata, yule mbeba frigo anakuwa mwema kuliko alivyokuwa.

Video ya Steve Barron, yenye vibarua waliochorwa kwa kompyuta, iache mwisho. Vile vibonge vya rangi vinachekesha hadi maneno yanapita bila kusikika. MTV yenyewe iliitunuku kuwa video ya mwaka 1986, na MTV ya Ulaya ilipofunguliwa tarehe 1 Agosti 1987, ndiyo iliyoonyeshwa ya kwanza.