Kulungu hapiti juu, anapita chini: neti ipi ununue

Kila Juni malalamiko ya Waswahili wanaolima nyuma ya nyumba huku Marekani ni yale yale: neti ya futi saba imesimama, na asubuhi sukuma wiki imebaki vijiti. Wote wanalaumu urefu. Kulungu wa mkia mweupe akibanwa huruka hata futi nane, ni kweli, lakini asipokimbizwa huanza kwa kutafuta upenyo chini. Akikuta nafasi ya shubiri moja kati ya neti na udongo, anaingiza pua, anainua, anapita kwa magoti.

Kwanza mhakikishe mwizi. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hunyofoa, na jani hubaki limechanika. Mche uliokatwa safi kama kwa kisu ni kazi ya sungura.

Nafasi ya kwanza ni Tenax C Flex, neti ya plastiki, na upendeleo wangu siufichi. Upana wake ni futi saba na nusu, na hiyo nusu ndiyo unayoilipia. Funga neti kwenye nguzo kwa kimo cha futi saba, halafu nusu iliyobaki uilaze chini kuelekea nje. Kulungu akisogea anaikanyaga mwenyewe, na hawezi kuinua kitu alichokisimamia. Ukiilaza kwa ndani umefanya kazi bure.

Vigingi viwe kila futi mbili. Vile vya inchi sita vinavyouzwa madukani hung'oka mvua ikilainisha udongo. Kata waya mnene, upinde kama U, kila mguu uwe inchi 12. Nguzo za chuma ziwe kila futi 15, na juu upitishe waya uliokazwa, la sivyo theluji italaza neti yote. Kabla ya kupigilia nguzo piga 811, ni bure, waje kukuonyesha mabomba na nyaya zilizofukiwa. Uliza pia halmashauri: miji mingi hairuhusu ua wa nyuma kuzidi futi sita. Wiki za mwanzo funga vitambaa vyeupe usawa wa kifua, kwani neti nyeusi haionekani usiku na kulungu ataivamia.

Sungura hutafuna plastiki, na tundu lake kesho ni mlango wa kulungu. Zungushia waya wa kuku wa futi mbili kwa chini.

Roli ya futi 100 inatosha shamba la 20 kwa 30 kwenye karatasi tu. Hakuna futi hata moja ya kupishanisha getini. Panga 20 kwa 28.

Nafasi ya pili ni waya wa umeme wenye karatasi ya alumini iliyopakwa siagi ya karanga. Kulungu analamba, anapigwa puani, harudi upesi. Lakini nyasi zikigusa waya nguvu hupotea, na nani atafyeka kila wiki?

Dawa za kunyunyiza kama Plantskydd, iliyotengenezwa kwa damu iliyokaushwa, zinafaa maua na miti michanga. Kwetu sisi tunaokula jani lenyewe, mchicha, matembele, majani ya maboga, hazina kazi: hutaki damu kwenye mboga, na jani lililochipua leo halikunyunyiziwa jana.

Sabuni na nywele za kinyozi: siku chache. Vifaa vya mlio usiosikika: acha.

Kinachoudhi ni wauzaji. Boksi limeandikwa "ua wa kulungu", ndani mna wavu wa ndege mwembamba kama chandarua, ambao ndege na nyoka hunasa humo wakafa. Wengine huuza neti ya futi saba kamili, bila ncha ya kulaza, kisha vigingi unavinunua kando, kana kwamba neti inajishikilia yenyewe ardhini. Soma upana, soma idadi ya vigingi, usitazame picha.

Halafu geti. Umebana pande zote nne, chini ya geti umeacha upenyo ili lifunguke vizuri. Fukia ubao wa inchi mbili kwa sita umesimama kwa ubavu pale kizingitini, ubaki wazi inchi nne, geti lifungwe likiugusa kwa nje.