Mauntingi ya injini kwa gari kuukuu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Probox yangu ni ya 2006, injini ya 1NZ, sisi (cc) 1500, automatiki. Alfajiri inatoa samaki Ngomeni, mchana inashinda mjini Malindi, na mara mbili kwa wiki hupanda Marafa kwa njia ya vumbi. Ilipoanza kugonga "go!" chini ya miguu kila nikitia gia ya nyuma, niliambiwa gia boksi imekwisha, nitafute nyingine. Gia boksi ilikuwa nzima. Kilichokatika ni mauntingi ya chini nyuma, bushi isiyozidi kiganja. Nilinusurika kuuza ng'ombe kwa sababu ya mpira. Tangu hapo nimenunua mauntingi za kila namna, kwa gari langu na kwa magari ya jamaa, na hapa nazipanga kama ningempangia ndugu yangu anayekwenda dukani kesho.

Mauntingi ni mpira ulioshikana na vyuma viwili, kimoja kinafungwa kwenye injini na cha pili kwenye bodi. Hubeba uzito wa injini na kumeza mtetemo kabla haujafika kitini. Probox na Vitz za kizazi hicho zina tatu: ya kulia upande wa cheni, ya kushoto inayobeba gia boksi, na ile ya chini nyuma inayozuia injini isijipindue ukikanyaga mafuta. Baadhi ya Corolla za NZE zina nne. Ya kulia ndiyo ghali, kwa sababu mara nyingi ndani yake mna majimaji, glaikoli na maji, yanayopita kwenye kitundu chembamba na kutuliza mtikisiko. Ukiona michirizi myeusi iliyolowa chini yake, na oili ya injini haivuji hapo, jua majimaji yametoka na mpira umebaki peke yake.

Usinunue kitu kabla ya kupima. Mtu akae kwenye usukani, akanyage breki barabara na avute handibreki, injini ikiwaka. Atie D, aongeze mafuta kidogo, kisha atie R. Wewe uangalie ukiwa ubavuni, usisimame mbele wala nyuma ya gari. Injini nzima itajinyanyua kidogo na kutulia. Ikiruka na kurudi kwa kishindo, kuna iliyokatika. Lakini mtetemo usio na kishindo, ule wa kutikisa usukani gari likiwa limesimama na AC inafanya kazi, unaweza kutoka kwa plagi iliyochoka, koili (inayoipa plagi moto) iliyokufa au throto, kile kilango cha hewa ya injini, iliyo chafu. Hivyo viangaliwe kwanza. Nimeona watu wamebadilisha mauntingi zote tatu na gari likaendelea kutetemeka kwa sababu ya koili moja.

Sasa mpangilio.

Namba moja ni orijino mpya, na pesa yake naitia kwenye ile ya kulia. Bei yake inauma, huwa mara kadhaa ya ile ya sanduku lisilo na jina. Lakini hii yenye majimaji ndiyo ngumu kuiga: nje yaweza kufanana kabisa, ndani kitundu kikawa si kile, au pasiwe na majimaji kabisa. Usiagize kwa kutaja "ya Probox" tu. Toa namba ya chesisi, maana mauntingi ya gia za mkono na ile ya automatiki zaweza kutofautiana, na za injini ya sisi 1300 na 1500 vilevile. Ukiweza, nenda na ile kuukuu mkononi, muweke sambamba matundu ya bolti juu ya kaunta.

Namba mbili, na hii ndiyo ninayoipendekeza kwa ya kushoto na ya nyuma: mpya ya kiwanda chenye jina, ya Japani, Tailandi au Taiwani. Viwanda vya mipira ya namna hii ndivyo vinavyowauzia hata watengenezaji wa magari. Tokai Rubber ya Japani, iliyobadili jina mwaka 2014 ikawa Sumitomo Riko, ni miongoni mwa wakubwa wa kazi hiyo duniani. Mauntingi hizi mbili kwa kawaida ni mpira mtupu, hazina ufundi wa majimaji, kwa hiyo kiwanda kizuri hukuridhisha kwa bei ya kati. Ya nyuma ndiyo inayochakaa mapema kwa anayebeba mizigo na kuanza kuondoka mara kwa mara, kama sisi wa kushusha na kupakia.

Namba tatu ni mtumba wa Japani, na hapa najua wengi hawatakubaliana nami. Pwani nzima tumezoea kusema mtumba wa Japani unashinda mpya wa kuigiza. Kwa injini, gia boksi, hata taa, nakubali. Kwa mpira, hapana. Mpira unazeeka hata ukilala kwenye rafu. Gari lililovunjwa huko lilikuwa na miaka kumi au zaidi, na mpira wake umeiva kwa joto la injini miaka yote hiyo. Kisha ukaja kwenye joto letu.

Siku moja nilikwenda kwa muuzaji wa mtumba, mtu mzima, nikamwambia, "Ami, nataka ya kulia ya Probox." Akanitolea tatu, zote zimepakwa kitu cha kung'arisha, nyeusi ti. Nikamwomba kitambaa, nikafuta moja. Chini ya ule mng'aro mpira ulikuwa na nyufa nyembamba kama udongo wa bwawa lililokauka. Nikabonyeza ukucha: haukuingia hata kidogo. Ya pili ukucha uliingia na alama ikarudi polepole, lakini ilikuwa na unyevu pembeni. Ya tatu ilikuwa safi, na hiyo nilinunua, kwa sababu sikuwa na pesa ya mpya. Ilidumu kusi moja. Kaskazi ilipoanza kuvuma ilikuwa imekwisha. Ukilazimika kununua mtumba, fanya hivyohivyo: futa, bonyeza, kunja kwa mkono uone nyufa zinazofunguka, na kwa yenye majimaji itikise karibu na sikio na uikague chini.

Chini ya hizo ni zile mpya za sanduku lisilo na jina, au lenye jina linalofanana na la kiwanda kikubwa kwa herufi moja tu pungufu. Zinavutia kwa bei. Ninachokiona ni mpira kubanduka kwenye chuma. Kwetu jambo hili ni zito kuliko bara, maana upepo wa bahari, na zaidi huko kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, hula chuma kwanza. Kutu ikipenya baina ya chuma na mpira, mpira hutoka mzima kama kokwa ya embe. Ile yangu ya kushoto ilitoka hivyo: fundi aliingiza mtaimbo, akainua kidogo, na kikombe cha chuma kikabaki juu huku mpira umeanguka kwenye mchanga, hauna hata mchaniko.

Poliyurethini, zile za plastiki ngumu ya rangi nyekundu au njano, sizipangi na hizi. Hazidhuriki kwa oili na hudumu, lakini ni ngumu, na kila mtetemo utaupokea kwenye dashibodi na menoni. Ni za magari ya mashindano. Mama mjamzito hawezi kupandishwa gari la hivyo hadi hospitali.

Ya mwisho kabisa ni kujaziwa: vipande vya tairi kuukuu vinakatwa na kusokomezwa kwenye kikombe cha chuma. Kukufikisha nyumbani usiku, sawa. Kuishi nayo, usikubali. Tairi lina nyuzi, mara nyingi za waya, halikuumbwa kunepa kwa namna ile. Injini inakaa upande, bomba la ekzosi linavutwa hadi lipasuke kwenye maungio, na hapo ulichookoa kinakwenda kwa mchomeleaji.

Ukishanunua, kuna pesa ndogo usiibane: bolti na nati mpya. Za gari la Pwani zikifunguliwa nyingi hukatika au hutoka zimeliwa, na kuirudisha bolti iliyoliwa kwenye mauntingi ya orijino ni kuiharibu kazi yote. Na kama kifuniko cha valvu au cha cheni kinavuja, gasiketi ibadilishwe siku hiyohiyo. Mpira wa asili ukinywa oili hufura na kulainika, na ya kulia imekaa palepale oili inapodondokea.

Simama hapo kazi inapofanywa. Jeki chini ya sampu, lile karai la oili chini ya injini, iwekewe ubao mpana, isiguse chuma kwa chuma. Bolti zote ziingie kwa mkono kwanza, injini ishushwe ikae kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Fundi akikaza injini ikiwa bado juu ya jeki, mpira unabaki umepindwa, na mauntingi mpya inaanza kazi ikiwa tayari imevutwa. Wiki moja ikipita, mrudishie azipitie nati kwa spana.