Sola ya kukodi: huduma safi, mkataba una miiba

Mafundi wa kampuni iliyonikodisha sola nawapa heko. Sikutoa hela ya kuanzia, paneli zikafungwa juu ya paa bila vigae kuvunjika, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani) ilipozima walileta nyingine bila kunidai chochote. Kinachonikera ni mkataba wenyewe: miaka 20, na malipo yanapanda asilimia 2.9 kila mwaka, wakati paneli hizo hizo nguvu zake hupungua kidogo kidogo. Kifungu hicho kimebanwa ukurasa wa nyuma, kwa herufi ndogo mno. Tena ukiuza nyumba, mnunuzi lazima akubali kuurithi mkataba, la sivyo unalipa salio. Mwenye akiba anunue zake. Asiye nayo akodi, lakini adai malipo yasiyopanda kabla ya kutia saini.