Mshauri wa Uhamiaji kwa Wenza Wasio na Cheti cha Ndoa: Tathmini ya Huduma Tuliyoilipia

Kwa miezi kumi na sita mimi na mwenzangu tuliishi katika nyumba ya kupanga huko Tabata, Dar es Salaam, bila cheti cha ndoa na bila haraka ya kukitafuta. Yeye ni mzaliwa wa Kigoma aliyechukua uraia wa Kanada, naye alikuwa amerudi kwa mkataba wa kazi, akiishi nchini kwa kibali cha ukaazi daraja B, kwa kuwa sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Mkataba ulipokwisha mwanzoni mwa 2024 akarejea Edmonton, nasi tukaamua niombe ukaazi wa kudumu wa Kanada nikiwa mwenza wake wa kuishi naye kinyumba. Hakuna kati yetu aliyewahi kufanya jambo hilo, hivyo tukalipia ofisi moja ya ushauri wa uhamiaji iliyoko mji huo huo. Jina lake silitaji, kwa sababu ninachotaka msomaji akipime ni huduma yenyewe: sehemu gani inastahili kulipiwa, na sehemu gani mtu mwenye subira anaweza kuifanya mwenyewe.

Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa upande wa kujaza fomu, fedha yetu ilikwenda bure. Kwa upande wa kutafuta, kusoma na kupanga ushahidi kwamba tuliishi chini ya paa moja, ningelipa tena hata bei ingepanda.

Ada ya ofisi ilikuwa dola 3,200 za Kanada, nusu mwanzoni na nusu siku ya kuwasilisha ombi. Hiyo ni mbali na ada za serikali, ambazo tangu tarehe 30 Aprili 2024 zilikuwa dola 1,205 kwa mwombaji mmoja: 85 za udhamini, 545 za kushughulikia ombi na 575 za haki ya ukaazi wa kudumu, kisha dola 85 nyingine za alama za vidole na picha. Fomu zenyewe zinapatikana bure, maelekezo yake yameandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa kinachoeleweka, na tangu Septemba 2022 maombi mengi ya ukaazi wa kudumu, likiwamo la namna yetu, hupelekwa kwa njia ya mtandao. Anayeweza kujaza fomu ya mkopo wa benki bila kusaidiwa ataziweza hizi pia.

Ugumu uko kwingine. Kanuni za Kanada zinamtambua mwenza wa kuishi kinyumba kuwa mtu aliyeishi na mwenzake katika uhusiano kama wa ndoa kwa muda usiopungua mwaka mmoja mfululizo. Safari fupi za kikazi au za kifamilia hazikatizi hesabu hiyo, wala si lazima mwaka huo mmoja uwe wa kuishi ndani ya Kanada. Lakini ni lazima uthibitike kwa karatasi, na karatasi wanazozitaja kwa mfano ni mkataba wa pango wenye majina mawili, akaunti ya benki ya pamoja, ankara za umeme na maji zenye majina yenu, na leseni au bima zinazoonyesha anwani moja. Nilipoisoma orodha hiyo kwa mara ya kwanza nilikata tamaa. Mkataba wetu wa pango ulikuwa na jina lake peke yake, kwa sababu ndiye aliyekwenda kwa dalali. Mita ya LUKU ilisajiliwa kwa jina la mwenye nyumba. Maji tulimlipa yeye huyo huyo kwa fedha taslimu. Kila mmoja wetu alikuwa na akaunti yake ya benki, na stakabadhi zangu nyingi zilikuwa bado na anwani ya wazazi wangu, Moshi.

Hapo ndipo mshauri alipoonyesha ujuzi wake. Ni mama wa makamo, mzaliwa wa Mombasa, na kikao chetu cha kwanza kwa njia ya video kilichukua saa mbili nzima. Hakuniuliza tulivyopendana. Aliniuliza, "Dada, umeme mnanunuaje?" Nikamjibu kwamba ananunua yeyote aliye karibu na simu pale mita inapoanza kulia. Akaniomba nifungue ujumbe mfupi wa simu yangu na kumsomea namba ya mita, kisha akamwomba mwenzangu afanye vivyo hivyo kwenye simu yake. Namba ilikuwa ile ile. Tuliporudi nyuma mwezi baada ya mwezi, tukakuta zile tokeni za tarakimu ishirini zimenunuliwa kwa kupokezana kutoka simu mbili kwa muda wote wa miezi kumi na sita, na hakuna mwezi hata mmoja ambao jina langu halikuonekana. Akatuelekeza kupata barua ya mwenye nyumba ikithibitisha kwamba mita hiyo ni ya nyumba tuliyopanga na kwamba tuliishi humo wawili, tukaiambatanisha na picha za ujumbe zilizopangwa kwa tarehe. Mimi nilikuwa nikiziona jumbe hizo kama takataka za kujaza simu, na nilikuwa nimekwisha kufuta baadhi yake. Ninamshauri kila anayefikiria njia hii asifute kitu.

Barua ya serikali ya mtaa ilitupa somo la pili. Mwenyekiti wetu alitufahamu vizuri, akachukua kalamu na kuanza kuandika kwamba fulani na fulani ni mume na mke. Nilipomwomba asiandike hivyo alinitazama kwa masikitiko akasema, "Binti yangu, hapa mtaani sisi tunawajua kuwa ni mume na mke. Unataka niandike kwamba mnaishi tu?" Nilimweleza kwa heshima, akasikia, lakini niliona kwamba neno "kinyumba" lilimchoma kwa niaba yangu. Mshauri alikuwa amekwisha kunitahadharisha juu ya jambo hili. Nchini kwetu, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaweka dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana na jamii kama mume na mke. Sisi hatukuwa tumefikisha miaka miwili, wala hatukuwa tunaomba kama wanandoa, hivyo barua ya kututaja mume na mke ingepingana na kila ukurasa mwingine wa ombi letu na kumfanya ofisa ajiulize ni lipi kati ya mawili tulilomficha. Mwishowe mwenyekiti aliandika kwamba tunaishi pamoja katika nyumba namba fulani tangu mwezi fulani, akagonga muhuri. Kwa kuwa barua ilikuwa ya Kiswahili, ilitafsiriwa na mtu asiye ndugu yetu, kwa maana mwombaji na jamaa zake hawaruhusiwi kujitafsiria.

Sasa niseme kilichoniudhi. Baada ya kikao hicho kizuri, faili letu lilikabidhiwa kwa msaidizi, na kwa wiki tatu barua pepe zetu hazikujibiwa. Rasimu zilipofika, tarehe tuliyoanza kuishi pamoja ilikuwa imeandikwa 2021, mwaka tuliofahamiana, ilhali tulihamia Tabata Septemba 2022. Kosa hilo lilikuwa ndani ya fomu IMM 5409, ambalo ni tamko la kiapo la kuishi kinyumba, na nililigundua usiku wa kuamkia siku niliyopanga kwenda kwa kamishna wa viapo. Kama ningeapa hivyo, tamko langu lingepingana na mkataba wa pango, kibali cha mwenzangu na hata mihuri ya pasipoti yake, na Kanada humfungia mlango kwa miaka mitano mwombaji anayepatikana na hatia ya kutoa maelezo ya uongo. Mshauri aliomba radhi mwenyewe kwa simu na kusahihisha kila kitu ndani ya siku mbili. Naipokea radhi yake, lakini sikulipia huduma ili nikeshe usiku nikikagua kazi ya ofisi, na kwa sababu hii peke yake siwezi kuipa huduma hii alama kamili. Yeyote anayelipia mshauri na asome kila mstari kabla ya kutia saini, kwa sababu anayewajibika ni yeye aliyesaini.

Ushauri wao juu ya njia ya kufuata ulikuwa wa kweli, ingawa haukuwa wa kutufurahisha. Mwenzangu alitaka niingie Kanada kwa viza ya matembezi kisha tuombe nikiwa huko huko, kwa sababu mwenza anayeomba akiwa ndani anaweza kuomba kibali cha wazi, yaani cha kufanya kazi kwa mwajiri yeyote, wakati anasubiri. Mshauri alitukumbusha kwamba viza hiyo ingeweza kukataliwa, na kwamba ombi la ndani likikataliwa mdhamini hana haki ya kukata rufaa katika Kitengo cha Rufaa za Uhamiaji, ilhali ombi la nje linayo. Tukachagua nje, nami nikabaki Dar es Salaam. Ilikuwa miezi kumi na mitano migumu, na wapo watakaochagua vingine kwa sababu zao.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mwanamke anayeombewa na mwenza wake alisikie. Wifi yangu, aliyeko Kanada miaka mingi, alinionya kwamba nikifika nisithubutu kugombana na kaka yake, kwa kuwa nikiachana naye kabla ya miaka miwili nitarudishwa nyumbani. Aliyasema kwa nia njema, na zamani yalikuwa na ukweli: kuanzia Oktoba 2012 wenza wengi waliodhaminiwa walipewa ukaazi kwa sharti la kuishi na mdhamini miaka miwili. Sharti hilo lilifutwa Aprili 2017. Siku hizi anayepewa ukaazi wa kudumu anaupata kamili, na anayebaki na mzigo ni mdhamini, ambaye amesaini kumtunza mwenza wake kwa miaka mitatu hata wakiachana. Mshauri alinieleza haya mwenzangu akiwa anasikiliza, kwa makusudi, akahakikisha kwamba sote wawili tumeelewa. Sijui ni ofisi ngapi zinafanya hivyo, lakini kwangu mimi huo ulikuwa uungwana mkubwa kuliko barua zote walizotuandikia. Mwanamke anayeamini kwamba ukaazi wake uko mfukoni mwa mwanamume anaweza kuvumilia mambo ambayo hakupaswa kuyavumilia hata siku moja.

Kwa anayetafuta huduma ya namna hii, hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mtu anayempa fedha ana leseni. Mawakili husajiliwa na vyama vya sheria vya majimbo, na washauri wako chini ya chombo chao rasmi, College of Immigration and Citizenship Consultants, kilichoanza kazi Novemba 2021 na ambacho rejista yake iko wazi mtandaoni kwa yeyote kutafuta jina. Mtu anayedai kukusaidia kwa malipo huku akikataa jina lake lisiandikwe kwenye fomu ya mwakilishi, IMM 5476, huyo ni wa kuepukwa. Nilikutana na mmoja huko huko Dar es Salaam, aliyenihakikishia kwamba anaweza kunitengenezea mkataba wa pango wa tarehe za nyuma wenye majina yetu mawili. Nilipomsimulia mshauri, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba zile jumbe za LUKU zina nguvu kuliko mkataba huo, kwa sababu ni za kweli.

Swali aliloniuliza mara tatu, katika vikao vitatu tofauti, lilihusu watoto. Nina mwana wa miaka tisa anayeishi na baba yake Mwanza, na kwa kuwa sikukusudia kusafiri naye, nilidhani hahusiki. Tena jamaa walinishauri nisimtaje nisije nikaongeza gharama. Mshauri alikuwa mkali juu ya hili. Kwa kanuni za Kanada kila mtoto tegemezi aliye chini ya miaka 22 na asiye na mwenza hutajwa na kupimwa afya, hata kama hasafiri, na asiyetajwa wala kupimwa kwa kawaida hawezi tena kudhaminiwa na mzazi huyo baadaye. Nililazimika kumwomba baba yake ruhusa, nikampandisha ndege mwanangu hadi Dar es Salaam, akapimwa na daktari aliyeidhinishwa na Kanada, akarudi shule. Nilinung'unika juu ya nauli siku ile.

Ukaazi wangu ulitoka Septemba 2025. Mwezi uliopita mwanangu mwenyewe alisema kwamba angependa kuja kuishi nami, na baba yake amekubali na kutia saini tamko la ridhaa. Jina la mtoto limo katika faili langu, pamoja na vipimo vyake vya mwanzo, hivyo njia iko wazi. Nimempigia mshauri kumshukuru, naye akaniuliza kama tungependa ofisi yake ishughulikie ombi hilo. Nimemjibu kwamba fomu za safari hii tunazijaza wenyewe, ila tutamlipa kwa kikao kimoja cha saa moja, atusomee ushahidi kabla hatujautuma.